Kiangazi Hakufi Mtu

Kwetu Roccafelce, ukitaka kujua nani amekufa ulikwenda kununua mkate. Njia ya kwa mwokaji hupita ubavuni mwa kanisa, na huko ndiko matangazo ya vifo yalikobandikwa: karatasi nyeupe yenye ukingo mweusi, picha ya marehemu katika tai ya kuazima, jina la ubatizo, na chini yake, kwa herufi nene zaidi, jina la utani, maana jina la ubatizo kwetu hulijua padri na mtoza kodi peke yao. Gundi ilikuwa bado haijakauka, na wanawake wameshajua saa ya mazishi, ugonjwa uliomchukua, na mtoto yupi hasemi na yupi.

Mgeni mmoja wa Kiholanzi ndiye aliyeuponza ukuta ule. Alisimama mbele yake na kofia mkononi, akazitazama zile nyuso moja moja, kisha akaniuliza kama hawa wazee wanagombea udiwani. Nikamwambia ndiyo, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayevunja ahadi. Alicheka kwa adabu. Alipokuja kuelewa, hakucheka tena, na jioni ile ile akamchukua mkewe wakahamia pwani.

Shangazi yangu Oriana, mwenye nyumba ya wageni waliyoihama, hakuona cha kuchekesha. Majira ya baridi yalipokwisha aliwaita wenye vyumba vya kupangisha, mwenye mkahawa, padri, na Fosco mzika maiti, akawapikia tambi za kuoka hadi wakalegeza mikanda, ndipo akafungua mdomo. Mtu anayetafuta pa kupumzika, akasema, hachagui mahali panapomwonyesha mwisho wa mapumziko yote. Kuanzia Pasaka hadi mavuno ya zabibu, matangazo yabandikwe kwenye ubao nyuma ya shule, ile iliyofungwa kwa kukosa watoto, kwenye njia ya kwenda jalalani. Na kengele ya msiba, ile inayolia pigo moja moja kama mtu anayesitasita kubisha hodi, inyamaze. Padri Gualtiero aliitazama sahani yake, akasema Mungu husikia hata pasipo kengele. Fosco aliuliza kama kuna tambi zaidi.

Ndivyo tulivyokubaliana kwamba Roccafelce kiangazi hakufi mtu.

Asije mtu akamdhania vibaya. Baba yangu, kaka yake wa pekee, alipofariki, ni shangazi aliyenilea, akanisomesha hadi sekondari, akanifuta machozi na kunichapa kwa kipimo cha haki. Alikuwa amezihesabu nyumba za mtaa wetu zikifunga madirisha, moja baada ya nyingine, na aliapa ya kwetu haitafunga. Nyumba hiyo ya babu ilikuwa na vyumba vinavyotazama bonde lote hadi kwenye mstari wa bahari, na shangazi aliliuza bonde lile kila asubuhi pamoja na maziwa ya moto. Mimi, niliyekuwa na ulimi mwepesi na sina kazi, nikawa mdomo wa nyumba.

Wageni wote huuliza swali moja: kwa nini tuje huku mkoani Marche, tusiende Toscana, wanakokwenda wote wajao Italia? Majibu nilifundishwa, nikayatia chumvi yangu. Kwa sababu vilima vyetu ni kama vya kwao, ila vyetu havijachoshwa na kupigwa picha. Kwa sababu asubuhi unaoga baharini na jioni unakula uyoga wa mlimani, na katikati yake unapata usingizi. Kwa sababu soseji yetu ni laini, unaipaka kwenye mkate kama siagi. Kwa sababu ukipotea njia, mtu atakayekuelekeza atakulisha kwanza, na ukishiba utakuwa umesahau ulikokuwa ukienda. Toscana wana mnara uliopinda kwa uzembe wa mafundi, niliwaambia. Kwetu kila kitu kimepinda na hatutozi kiingilio.

Walicheka, lakini hilo silo lililowafunga. Sababu iliyowamaliza haikuhitaji mzaha. Nilinyamaza, nikainua kidole, nikawaacha wasikilize. Hakuna pikipiki. Hakuna redio. Hakuna mtoto anayelia wala mama anayemfokea. Mabega yao yalishuka, macho yakalainika, wakaulizana kama kuna nafasi mwakani. Sikuwaambia kwamba kimya kile tulikipata kwa kuwazika wenye kelele.

Wengi wao aliwabeba babu yangu, Nazzareno. Alikuwa mwashi, ila hakuna aliyemkumbuka kwa kuta. Aliongoza wabebaji wa Udugu wa Kifo Chema, wanaume wa majoho meusi waliomchukua maiti mabegani kutoka mlangoni kwake hadi kanisani, kwa vichochoro na ngazi ambazo gari halipandi. Watu walimwita Bega. La kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na lina sugu ngumu kama kisigino. Aliwabeba hata mahasimu wake kwa uangalifu ule ule. Ukishakufa, alisema, umebakiwa na haki moja tu, usidondoshwe.

Miguu ilipomwishia, chumba chake chenye bonde kikapangishwa, naye akahamishiwa nyuma ya jiko, katika kijumba ambamo bibi alikuwa akikaushia mapaja ya nguruwe. Hakulalamika. Ila kila mgeni alipopita dirishani, babu alivuta pumzi ndefu na kuniambia kwa sauti, "Loris, nimeshaiva. Waulize kama wanataka vipande vinene au vyembamba."

Mwezi wa Juni akafa Pompeo kinyozi. Tangazo lilibandikwa kule nyuma ya shule, likasomwa na paka. Bi Ersilia, mjane wa nyumba inayotazamana na yetu, alikuwa na desturi ya kufungua dirisha kila asubuhi na kumtukana Pompeo dirishani kwake, akingoja naye arudishiwe. Aliendelea kumtukana maiti hadi Julai, akidhani amenuna, na akawa anachagua matusi ya upole zaidi kadiri siku zilivyokwenda, ili wapatane. Alipojua, aliingia jikoni kwetu, akampita shangazi kama anayepita kiti, akaenda kukaa kitandani kwa babu.

"Kabebwa na nani?" babu akauliza baadaye, mlango ukiwa wazi.

Shangazi alikuwa anakata mkate. Alisema Fosco alileta vijana wa mjini.

"Vijana wa mjini." Babu aliyatafuna maneno yale. "Na mimi utanitoa na nani? Kwa mlango gani?"

"Baba, chakula kinapoa."

"Nataka mlango wa mbele, Oriana. Na mabega ya hapa. Yakiwa mabovu na yawe mabovu, lakini ya hapa."

"Wewe hufi kiangazi," shangazi akasema, na nadhani alitaka liwe neno la mapenzi.

Babu alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Haya, nitajitahidi," akasema akijifuta macho. "Ila sina mazoea."

Mwezi wa Agosti akaja Birgit. Alikuwa mwandishi wa gazeti la safari kutoka Denmark, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa kuwachagulia wasomaji mkoa mmoja wa Italia wa kwenda mwakani. Alishapita Toscana na Umbria. Sisi tulikuwa wa mwisho. Shangazi alipaka rangi ya mdomo kwa mara ya kwanza tangu harusi ya binamu yake. Usiku wa kwanza, tukiosha vyombo, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alijua kwamba nilikuwa nimeanza kuuliza habari za kazi Ubelgiji. "Akituchagua yule," akasema, "wewe hutaondoka." Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea babu kahawa, nikamkuta ameshakwenda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika bega la kushoto, kama mtu anayejipapasa kabla ya kuinua mzigo. Nikamwita shangazi. Alifunga yale macho, akaketi pembeni mwa kitanda, akamkunjua vidole kimoja kimoja. Barazani vikombe viligongana; wageni walikuwa wameshuka. Niliona uso wake ukifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na moja ikaishinda nyingine.

"Birgit anaondoka Jumapili," akasema.

"Shangazi."

"Mpaka Jumapili tu."

Fosco alipokuja kwa mlango wa uani alitikisa kichwa. Joto la Agosti halimngoji mtu hadi Jumapili, alisema. Mwisho Jumamosi, basi iwe alfajiri, kabla watu hawajaamka. Shangazi alikubali. Nikamsihi tumwambie angalau Bi Ersilia.

"Ersilia ni kengele iliyovaa aproni," akanijibu. Alikuwa ameshanawa uso na anajitazama kwenye kioo cha kabati. "Nenda barazani ukawachekeshe. Nakuomba, mwanangu. Usiache kuongea mpaka nije."

Nikaenda. Niliwapa mnara uliopinda, nikawapa na askofu aliyekwama kwenye pipa la divai, hadithi ambayo hata babu ilimchosha. Walicheka vizuri. Nyuma ya ukuta nilisikia gari la Fosco likirudi nyuma kwenye njia ya shamba inayoishia uani kwetu, kisha sauti yake ikisema: polepole, miguu kwanza. Birgit aligeuza kichwa, akauliza ni nini kile. Nikasema ni mashuka. Haukuwa uongo mtupu. Walikuwa wamemfunika kwa shuka la nyumba, jeupe, lililotariziwa jina letu. Gari likaondoka. Shangazi akatokea na birika la maziwa, mdomo umepakwa upya, akammiminia kila mtu bila kumwaga hata tone.

Birgit alifumba macho kuelekea bondeni. Alisema Italia yote aliyoipita hajakutana na kimya kama hiki.

Siku ile na iliyofuata shangazi alifanya kazi kama anayefukuzwa. Alimpeleka Birgit kwenye mashamba ya alizeti, akamwonjesha mvinyo wa kila pipa, akamweleza faida za hewa yetu. Aliulizwa mara moja kuhusu yule mzee wa dirisha la nyuma aliyekuwa akisema mambo ya nyama. Akajibu kwamba amepumzika. Nilikuwa nimeshika kikapu nyuma yake, nikaona shingo yake ikiwa nyekundu kuanzia kwenye kola hadi masikioni.

Jumamosi kulipopambazuka tulikuwa watatu kwenye lango la chini, pale magari ya njia ya kanisani yanapoishia: Fosco, shangazi na mimi. Padri alikuwa anangoja juu kanisani. Vijana wa mjini hawakutokea. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya katikati ya Agosti, na wiki hiyo hata wezi wa Italia wako baharini. Jeneza lilikuwa limelala ndani ya gari, mlango uko wazi. Tulijaribu kuliinua, Fosco mbele, mimi nyuma, shangazi katikati akishika hewa. Tulipiga hatua mbili, likaanza kuteleza, tukalirudisha.

Karibu na lango kuna toroli. Wenye vyumba walilinunua ili masanduku ya wageni yasiburutwe kwenye mawe. Ni la bati, na ubavuni wamelichorea ua la alizeti linalotabasamu. Fosco alilitazama. Kisha akamtazama shangazi.

"Hapana," shangazi akasema. Alisimama. Jua lilikuwa linakaribia kuvuka kilima, na juu kule mgeni mmoja alikuwa ameshafungua dirisha. "Haya," akasema. "Haya, upesi."

Tukamfunga babu kwa kamba za masanduku. Fosco alivuta, mimi nikasukuma, na magurudumu yalipoyagusa yale mawe ya kichochoro, kijiji kizima kilitetemeka. Sikuwahi kujua kelele ya toroli lile. Mchana, kukiwa na sanduku la nguo, ni kero tu. Alfajiri ile lilikuwa kama mtu anamwaga sufuria ngazini na haziishi. Shangazi alitembea nyuma, mikono imenyooka ubavuni. Dirisha la kwanza likafunguka, la pili likafuata. Kisha la Bi Ersilia.

"We Loris," akaita, nywele zake ziko ndani ya wavu. "Wageni gani hao wa saa hizi? Mzigo wenyewe mmoja?"

Fosco aliacha kuvuta, akavua kofia, na kelele ilipokatika Bi Ersilia aliinama dirishani akatazama vizuri.

"Nani huyo?"

Shangazi aliyaambia mawe: "Nazzareno."

"Nazzareno yupi?" Alikuwa anajua. Alitaka lisemwe.

Shangazi akainua uso. Rangi ya mdomo haikuwapo, na sikumbuki kumwona amezeeka hivyo. "Bega," akasema. "Ni Bega, Bi Ersilia. Tangu Alhamisi."

Dirisha likafungwa. Nilidhani yameishia hapo. Kisha tukasikia ndara zikishuka ngazi ndani, mlango ukafunguka, na Bi Ersilia akapita mbele yetu bila kutusemesha, akaanza kugonga milango kwa ngumi. Hakupiga kelele. Alisema jina lile moja kwenye kila mlango na kwenda kwenye mwingine. Wakatoka. Ilario wa mkahawa akiwa na kidevu nusu kimenyolewa. Mzee Quinto, wa mwisho wa Udugu anayeweza kusimama, joho jeusi juu ya pajama. Wajane wawili wa mtaa wa juu, na aproni zao. Walilizunguka toroli. Quinto aliligusa lile ua la alizeti kwa kidole, kama anayegusa kidonda cha mtu.

Wakafungua kamba. Wanawake kwetu hawajapata kubeba jeneza, na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Wakamwinua. Ilario na Quinto mbele, mimi na Fosco nyuma, wajane katikati, na Bi Ersilia upande wa kushoto. Mabega hayakulingana, jeneza liliinama kama mashua iliyopata maji. Shangazi akasogea kuingia kati.

"Wewe una wageni," Bi Ersilia akamwambia.

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana liliingia. Shangazi alirudi nyuma. Na kwa kuwa toroli lilikuwa limeziba njia na mtu mwingine wa kulishughulikia hakuwapo, alilishika mpini akalivuta nyuma yetu, tupu, likigongagonga, kichochoro chote. Sikuweza kugeuka. Nilimsikia tu.

Tulipofika mbele ya nyumba yetu Quinto aliinua mkono, tukasimama, maana maiti husimamishwa mlangoni kwake. Babu hakuwa ametoka kwa mlango ule. Sasa alikuwa anautazama kwa nje. Hapo ndipo goti la Quinto lilipokataa. Alishuka taratibu, bila sauti, mkono wake ukishika ukuta, na pembe ya mbele ikashuka naye. Tuliguna wote kwa pamoja. Nyuma yangu mpini uliachiwa. Nikasikia toroli likiondoka peke yake kuteremka kichochoroni, likijigonga kulia na kushoto, mbali, mbali zaidi. Shangazi alikuwa ameshapita ubavuni mwangu. Aliingia chini ya ile pembe na kuinyanyua kwa mgongo.

Jeneza likanyooka. Bi Ersilia akamgeukia.

"Inama kidogo," akasema. "Umerefuka kama yeye, unatumwagia uzito wote upande huu."

Shangazi akainama.

Mlango wa mbele ukafunguka. Birgit alikuwa kizingitini, miguu mitupu, shali juu ya nguo ya kulalia. Kelele zilikuwa zimemwamsha. Aliangalia mbao, akaangalia aproni na pajama, akauliza kwa Kiingereza ni nani. Mimi nakijua Kiingereza, ningeweza kumjibu. Lakini aliyeulizwa alikuwa shangazi, ambaye Kiingereza chake chote alijifunza kwa ajili ya wageni: taulo, ufunguo, maji ya moto, bonde. Neno la kifo hakuwa nalo. Nilimwona akilitafuta, shavu limebanwa kwenye ubao, jasho likimwingia machoni.

"Baba yangu," akasema mwishowe. "Leo kifungua kinywa hakuna."

Hakuna aliyengoja jibu. Quinto, akiwa bado chini kwenye ukuta, alitupa amri ya zamani ya Udugu, na tukageuka kuelekea ngazi za kanisa. Ni ngazi mbaya. Babu alizoea kuzilaani kila moja kwa jina. Kwenye ya kwanza nilisikia pumzi ya shangazi, ndefu, imekatika katikati. Kwenye iliyofuata Ilario akaanza kusema, "Polepole, polepole," na wajane wakalipokea neno hilo, mpaka likawa kama sala.

Tulikuwa karibu na katikati nilipohisi uzito umepungua upande wangu. Sikuweza kugeuka kuangalia kama kuna mtu ameongezeka nyuma, au kama ni mmoja wetu aliyekuwa ameinua kuliko anavyoweza.